Kusoma dini ya mababu wa Ubundu katika pambizo za daftari

Anayetafuta ukoo wake Ubundu, nchini Kongo, hafiki mbali kwa karatasi za serikali peke yake. Madaftari ya wakoloni yalijali zaidi wanaume wa kulipa kodi na kufanya kazi. Bibi yako huenda asionekane humo kabisa. Anayeonekana kwa jina, kwa mwaka, kwa baba na mama, ni yule aliyepita mikononi mwa watu wa dini. Ndiyo maana kazi huanzia huko. Ugumu ni kwamba dini zilifuatana haraka sana kwenye kipande hiki cha mto, na kila moja ilitunza kumbukumbu zake kwa namna yake.

Meli zinazoshuka kutoka Kindu huishia Ubundu, kwa sababu mbele yake kuna maporomoko saba ya Boyoma. Waungwana, yaani Waislamu waliomfuata mfanyabiashara Tippu Tip wa Zanzibar, walifika huku kabla ya Wabelgiji, na mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip mwenyewe kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Vita vya Wabelgiji na Waungwana, 1892 hadi 1894, vilivunja utawala huo, na kituo cha Ubundu kikapewa jina la Ponthier, ofisa aliyekufa vitani mwaka 1893: Ponthierville. Uislamu haukuondoka na watawala wake. Mwishoni mwa 1897 Padri Gabriel Grison, wa shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu, alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na Stanley Falls, na mwaka 1906 reli ya kilomita 125 ikaunganisha Stanley Falls na Ponthierville. Basi babu Mwislamu, mtoto Mkatoliki na mjukuu mfuasi wa Kitawala, dini iliyochipuka kutoka Watch Tower, wanaweza kuwa wa nyumba moja.

Chanzo chenye mengi kuliko vyote ni daftari la ubatizo, na wengi hulisoma vibaya. Wanatazama jina na tarehe, wanafunga. Thamani yake iko pambizoni. Tangu amri ya Ne Temere ilipoanza kutumika mwaka 1908, paroko anapaswa kuandika ndoa ya mtu kando ya ubatizo wake, hata kama amefunga ndoa hiyo parokia nyingine. Mstari mmoja wa pambizo unaweza kukuonyesha kwamba kijana aliyebatizwa Ponthierville alioa Kindu. Kisha sheria ya Kanisa ya 1917 ilitaka nakala ya daftari ipelekwe kila mwaka kwa askofu. Vituo vingi vya misioni viliporwa au kuchomwa wakati wa uasi wa Simba mwaka 1964, lakini daftari la parokia likikosekana, swali linalofuata liulizwe kwenye jimbo kuu, Kisangani, kabla ya mtu kukata tamaa.

Tazama pia ni nani asiyebatizwa. Ukikuta watoto wanne wa baba mmoja wanabatizwa miaka tofauti, na baba anatajwa tu kama mzazi, jiulize alikuwa na wake wangapi. Mwenye wake wengi hakupokelewa mpaka abaki na mmoja, na wengi walingoja uzee au kitanda cha ugonjwa. Ubatizo uliotolewa katika hatari ya kufa, mara nyingi na katekista, unaeleza saa ya mwisho ya mzee. Miaka sitini iliyotangulia hauigusi. Anayeandika "babu alikuwa Mkatoliki" kwa ushahidi huo amekurupuka.

Kwa Waislamu karatasi ni chache, lakini mnyororo ni mrefu. Fulani bin fulani bin fulani hukupa vizazi vitatu kwa pumzi moja. Uliza nani aliozesha, nani walikuwa mashahidi, mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa nani na yeye alisoma kwa nani. Penye tarika ya Kadiria, silsila ya masheikh hukusaidia kupanga nyakati hata pasipo mwaka ulioandikwa. Kikwazo ni shule. Tangu katikati ya miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilizipa ruzuku shule za misioni za Kikatoliki, na mzazi Mwislamu aliyetaka mtoto asome mara nyingi alikubali abatizwe. Shuleni Pierre, nyumbani Ramazani. Halafu mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya Kikristo, na Pierre akachukua jina la tatu. Usihesabu watu watatu! Na unapotafuta, soma majina kwa sauti: karani aliyetumia Kifaransa aliandika Radjabou pale wewe unapotafuta Rajabu.

Kitawala ni kinyume chake kabisa. Waumini hawakuwa na sababu ya kuandika, polisi walikuwa nayo. Baada ya maasi ya 1944 upande wa Lubutu, yaliyoongozwa na Bushiri, wafuasi walisakwa na kuhamishiwa makambi ya mbali kama Kasaji na Ekafera. Mtu wa kijijini ambaye hana hata mstari mmoja parokiani anaweza kuwa na jalada nono la polisi, kwenye nyaraka za kikoloni zilizoko Brussels. Lisome kwa tahadhari: aliyeandika alikuwa anatafuta kosa. Majina ya kijiji, ndugu na chifu humo kwa kawaida yanaaminika kuliko maelezo ya imani.

Familia za Wakumu, Walengola na Wamituku zina safu nyingine chini ya hizi zote, ya jando na vyama vya wazee, ambayo wamisionari waliiita upagani bila kuuliza zaidi. Hiyo haipatikani Brussels wala Kisangani. Inaulizwa kijijini, kwa wenye haki ya kuisimulia, na wakikataa, wana haki hiyo pia.

Ningelazimishwa kuchagua chanzo kimoja cha kuanzia, ningechukua pambizo za daftari la ubatizo, kisha ningempelekea mzee wa msikitini majina niliyoyakuta humo. Mpangilio wa kinyume hupoteza muda, kwa sababu mzee hujibu vizuri zaidi akisikia jina kuliko akisikia swali.