Ngugi Wawili

Wapiga picha wa studio, wale waliokuwa wakigonga muhuri nyuma ya kila picha, wanastahili pongezi zaidi ya wanazopewa. Nyumba za wazee Ruiri bado zina kazi zao: picha nyeusi na nyeupe, kingo zimekatwa kama meno ya msumeno, mwenyewe kasimama wima utadhani anaapishwa. Nyuma pana jina na mwaka, basi.

Hayo maandishi madogo ndiyo yanayookoa historia. Chukua Ngaahika Ndeenda, mchezo walioigiza wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, mwaka 1977. Waandishi wake ni Ngugi wawili: wa Thiong'o na wa Mirii. Picha iliyoandikwa "Ngugi" tu inakuacha njia panda. Na ushahidi wenyewe ni haba: serikali iliuzima mchezo mwaka uo huo, na mwaka 1982 ukumbi ulimoigizwa ukabomolewa. Kwa hiyo aliyeficha tiketi, tangazo au picha ya mazoezi ndani ya sanduku la nguo alifanya kazi ya jumba zima la makumbusho, tena bila mshahara.

Hongera pia kwa anayeandika jina kamili. Ila kwa penseli, tafadhali. Wino hupenya hadi usoni.