Visawe si pacha



Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed (1998) ni kazi ya kushukuriwa. Ugomvi wangu ni na sisi walimu tunaoigeuza orodha ya kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani. Mtoto wa Ibra au Sur, Kiarabu ndicho cha mtaani, Kiswahili kakipata kwa bibi. Mwambie hafifu ni sawa na -epesi, ataisifu dishdasha ya mjomba kuwa hafifu. Kwa Kiarabu kasema nyepesi. Kwa Kiswahili kaiita duni! Rahisi nayo: kwa Kiarabu ni ya bei ndogo, sisi tumeongezea na kazi isiyo ngumu.

Haya, -nene na -nono je? Soko la mbuzi la Ijumaa pale Nizwa, mbuzi mnono ni sifa. Mwite shangazi yako mnono, uone.

Kwa hiyo mtihani usiseme "toa kisawe". Mpeni mtoto sentensi yenye pengo na maneno mawili, achague, aseme kwa nini. Akishindwa, akamuulize bibi maadam yupo.

Wasalaam.