Sikio la Mpiga Telegrafu

Mashine ya telegrafu ya Samuel Morse ilikusudiwa kuandika. Tarehe 24 Mei 1844, ujumbe ulipotoka Washington, mshirika wake Alfred Vail aliupokea Baltimore juu ya utepe wa karatasi wenye alama. Kelele za chuma hazikuwa na kazi yoyote. Lakini makarani walioshinda nazo kutwa walianza kuzielewa kabla ya kuutazama utepe. Wakubwa wao walinuna, maana karatasi ni ushahidi, sikio silo. Mwishowe walikubali yaishe: utepe ukaondolewa, kikabaki kigongeo.

Kigongeo hakitoi mlio mfupi na mrefu kama tunaousikia kwenye filamu. Kinagonga mara mbili tu: mkono wa chuma unaposhuka, na unaporudi juu. Mapigo hayo mawili yakifuatana upesi, hiyo ni nukta. Yakiachana kidogo, ni kistari. Kinachosomwa hasa ni kimya cha katikati.

Na alfabeti ya Morse ya Kimarekani ya wakati ule ilikuwa na vituko vyake. Herufi I ni nukta mbili. O nayo ni nukta mbili, ila zimeachana kidogo. E mbili mfululizo? Nukta mbili vilevile, zilizoachana kidogo zaidi. Mpigaji akipitiwa tu, neno limeharibika. Sasa pata picha maneno 25 kwa dakika yakija hivyo, na mezani kwa jirani kigongeo kingine kinapayuka habari zake. Nawavulia kofia.

Fundi aliyekomaa hakuandika neno analolisikia. Kalamu yake ilikuwa nyuma kwa maneno kadhaa, ikingoja maana ikamilike, na mwandiko ulipaswa kuwa safi kwa kuwa karatasi ileile ndiyo iliyokwenda kwa mteja. Kupiga nako kulikuwa na mambo yake. Kila mtu alikuwa na mkono wake, na mwenzake wa mji wa mbali alimtambua kabla hajajitaja. Mkono huohuo ulichoka: maumivu ya kiganja na kifundo yaliwafukuza wengi kazini.

Wanawake waliingia mapema. Sarah Bagley, mfanyakazi wa viwanda vya nguo na mtetezi wa vibarua, alikaa mbele ya mashine mjini Lowell mwaka 1846. Kwa mikono ya namna hiyo bei za pamba na habari za vita zilianza kusafiri haraka kuliko farasi. Laini ya kuvuka Marekani ilipounganishwa tarehe 24 Oktoba 1861, wapanda farasi wa posta ya Pony Express, waliohitaji siku kama kumi kwa safari hiyo, walikosa kazi mara moja.

Thomas Edison alikulia katika ufundi huu, naye alikuwa na uziwi. Alidai ulimsaidia: vigongeo vya wenzake hakuvisikia, alisikia cha mezani kwake tu. Wanawe wawili wa kwanza aliwapa majina ya utani, Nukta na Kistari.