KLF: Moto Si Kazi

Ukimtajia mtu KLF, kama amewahi kuwasikia, atakujibu kitu kimoja tu: si ndio wale wehu waliochoma pauni milioni moja? Ndio hao hao. Na hapo mazungumzo yanakwisha, maana pesa ikishaingia kwenye hadithi kila kitu kingine kinakaa kando. Mimi nabishana. Nasema ule moto ndio kazi yao dhaifu kuliko zote, na kwamba kijana anayejifunza kuandika ana mengi ya kuchukua kwa jamaa hawa kabla kiberiti hakijawashwa.

Walikuwa wawili, Bill Drummond na Jimmy Cauty, Waingereza kwa pasipoti, ingawa Drummond ni Mskoti mtoto wa mchungaji aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1953. Hawakuwa watoto. Walipoanza, Januari 1987, Drummond alikuwa amekwisha kusimamia bendi ya Echo & the Bunnymen ya Liverpool na kukaa ofisini kwenye kampuni kubwa ya santuri. Jina lao la kwanza, The Justified Ancients of Mu Mu, wamelitoa kwenye riwaya, Illuminatus! ya Robert Shea na Robert Anton Wilson. Mwaka 1976 Drummond ndiye aliyetengeneza mandhari ya jukwaa pale Liverpool riwaya hiyo ilipogeuzwa mchezo wa kuigiza. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hata hii ngoma ya disko mzizi wake ni kitabu.

Mwanzo wao ulikuwa wizi wa mchana kweupe. Kibao cha kwanza kilibeba kipande cha Beatles bila kuomba ruhusa. Albamu ya kwanza, iliyoitwa 1987 pamoja na swali lenye tusi, ilimeza ABBA karibu wazima wazima. Chama cha kulinda haki za watunzi kikaamuru nakala zilizobaki ziharibiwe. Jamaa wakapanda gari na santuri zao hadi Sweden kuwatafuta ABBA wazungumze kiutu uzima. Hawakuwapata. Wakachoma baadhi ya nakala shambani, na njiani kurudi wakatupa nyingine katika Bahari ya Kaskazini.

Hadi hapo ni visa tu. Lakini angalia walichofanya baadaye. Walitoa santuri hiyo upya ikiwa na mashimo. Kila palipokuwa na kipande cha watu pakawekwa kimya, na kwenye jalada wakaandika maelekezo ya namna msikilizaji anavyoweza kujaza mapengo kwa santuri zake za nyumbani. Sheria imefuatwa na wizi unaendelea, ila sasa mwizi ni wewe. Mimi hapo ndipo waliponinasa. Nimesoma riwaya nyingi zinazojisifu kwamba msomaji ni mshiriki, sijaona iliyomshirikisha hivi.

Wapo watakaosema wizi ni wizi. Sawa. Lakini tukumbuke Saleh J wetu, mwaka 1991, alivyorapu Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice, naye Vanilla Ice besi ile aliikwapua kwa Queen na David Bowie. Foleni ni ndefu.

Mwaka 1988 wakajiita The Timelords. Wakachukua muziki wa kipindi cha televisheni cha Doctor Who, wakauchanganya na Gary Glitter na Sweet, wakatangaza kwamba aliyetengeneza kibao hicho ni gari lao, kuukuu la polisi wa Kimarekani. Doctorin' the Tardis kikashika namba moja Uingereza mwezi Juni. Ni ngoma mbaya, tuseme ukweli. Inapiga kelele kama harusi iliyokosa mpangilio. Wao wenyewe walijua, ndiyo maana wakaandika kitabu, The Manual, kinachoeleza jinsi ya kupata namba moja kirahisi. Wanakwambia uwe huna senti na huna kazi, usiwe na ala ya muziki, ukodi studio, uchukue mdundo ambao watu tayari wanauchezea. Kundi la Edelweiss la Austria likasema limefuata kitabu hicho, na kweli likatoka na kibao kikubwa.

Nakitaja kwa sababu sisi waandishi chipukizi tunaishi kwa fomula za namna hiyo bila kukiri. Mpelelezi asiyepigwa risasi, msichana mrembo hotelini, jambazi lenye kovu, basi, mswada huo hapo. KLF walifanya tofauti moja tu. Waliiweka fomula mezani, wakaionyesha, wakasema pia kwamba namba moja haitakutajirisha wala kukupa maisha. Kisha wakaondoka kwenda kutengeneza kitu ambacho hakimo kitabuni.

Kitu hicho ni Chill Out, albamu ya Februari 1990. Humo hakuna cha kucheza. Ni safari ya usiku kwa gari kutoka Texas hadi Louisiana: treni zinapita, wahubiri wa redioni, kondoo, gitaa la Kimarekani linalolia kwa mbali, sauti ya Elvis inapita kama redio ya nyumba ya jirani, waimbaji wa Tuva wanaoimba kwa koo. Dakika arobaini na kitu bila kukatika. Hakuna mhusika, hakuna tukio, na bado unajua ni saa ngapi ya usiku. Nimejaribu kuandika sura ya riwaya inayoenda hivyo, mtu yuko kwenye basi la usiku na hakuna linalotokea. Ni kazi ngumu kuliko mauaji matatu.

Ndipo ukaja mwaka 1991, vibao mfululizo. 3 a.m. Eternal namba moja Uingereza na namba tano Marekani, Last Train to Trancentral namba mbili, na mwisho wa mwaka Justified & Ancient, ambamo wamemweka Tammy Wynette, malkia wa kantri, kuimba habari za gari la kuuza aiskrimu. Kwenye chati kuu ya Marekani kilifika namba 11, na mama yule, pamoja na umaarufu wake wote, hakuwahi kufika juu zaidi ya hapo kabla wala baada.

Wakosoaji wengi husimulia mwaka huo kama bahati au usanii, kwa maana zote mbili za neno. Mimi naona kitu kingine. What Time Is Love? ilitoka mara ya kwanza 1988, ikarudi 1990 imevaa nguo mpya, ikarudi tena 1992 na magitaa mazito na sauti ya Glenn Hughes aliyekuwa Deep Purple. 3 a.m. Eternal nayo ilikuwa na sura ya 1989. Hata kiini cha Justified & Ancient kimo katika ile albamu ya wizi ya 1987. Kwa maneno mengine hawa watu walikuwa na nyimbo nne tano tu, na walikuwa wakiziandika upya kwa miaka minne, kila mara wakitupa kilichozidi na kuongeza kelele za umati wa uwanjani ambao haukuwepo. Sisi mswada ukirudishwa tunalia tumeonewa.

Dosari wanayo. Mashairi yao ya kurapu ni kujitaja jina na kujitaja tena, na ukiyasoma kwenye karatasi bila mdundo hayasimami hata dakika moja.

Tarehe 12 Februari 1992 wakaalikwa kwenye tuzo za BRIT, ambako walipewa tuzo ya kundi bora la Uingereza, wakigawana na Simply Red. Wakapanda jukwaani na Extreme Noise Terror, kundi la makelele matupu, wakaichana 3 a.m. Eternal vipande vipande, Drummond akawafyatulia waheshimiwa risasi baridi kwa bunduki ya rashasha, na ikatangazwa kwamba KLF wameacha biashara ya muziki. Usiku huo kondoo aliyekufa akaachwa mlangoni mwa tafrija. Waliosikiliza Chill Out wanajua kondoo wale walikuwa kwenye jalada, hai, wakila majani.

Mwezi Mei wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Walistaafu na kuziondoa sokoni nchini Uingereza santuri zao zote, wakati bado zinauzika. Fikiria mwandishi ambaye vitabu vyake vinagombewa, anamwambia mchapishaji asichape tena hata kimoja. Hakuna mwingine angeweza kuifuta kazi ile, maana hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Linganisha na milioni. Usiku wa tarehe 23 Agosti 1994, kwenye banda la mashua kisiwani Jura huko Scotland, waliingiza motoni noti za pauni hamsini, jumla yake noti 20,000, kwa zaidi ya saa moja, mbele ya mwandishi wa habari na kamera. Tajiri yeyote mpumbavu anaweza kufanya hivyo. Hakuhitajiki sikio, wala miaka minne ya kuandika upya. Nao walipozunguka na filamu yake kuwauliza watazamaji maana yake, kumbe walikuwa wakiuliza kweli, walikuwa hawajui. Drummond alikiri mwaka 2004 kwamba anajuta. Na tusijifanye watakatifu, huku kwetu mtu akisikia habari hii haulizi sanaa, anauliza kwa nini hawakumpa yeye. Ni swali halali. Kazi ya sanaa inayoshindwa kulijibu swali la mtu mwenye njaa imeshindwa.

Miaka 23 baadaye, Agosti 2017, walirudi Liverpool na riwaya, 2023: A Trilogy, na mpango wa piramidi ya matofali 34,592, kila tofali lenye gramu 23 za majivu ya marehemu. Huo mpango naupenda. Unahitaji watu wengi na utachukua miaka mingi, na wao hawatauona ukikamilika.

Tarehe 1 Januari 2021 nyimbo zao zikarudi, safari hii kwenye intaneti. Chill Out nayo ikarudi mwezi uliofuata ikiwa na jina jipya, Come Down Dawn, na njia mpya, kutoka Brooklyn hadi Mexico City, huku vipande visivyo na kibali vikiwa vimeondolewa. Safari hii hawakuacha mashimo ya kimya, wala maelekezo ya kuyajaza. Anayetaka ile ya 1990 atafute santuri kuukuu, yenye kondoo kwenye jalada.