Ushanga Usio na Jina

Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaokusanya vitu vya kioo cha rangi vilivyofanywa kwa mkono: mitungi, bilauri, sahani, na hasa shanga. Mafundi wa kioo wako Italia, wako Ucheki, wako Lithuania na kwingineko, na wapenzi wa kazi yao hutoa fedha nyingi kuipata. Hatuwalaumu. Apendaye kitu kizuri hana kosa.

Lakini sehemu moja ya hazina yao imetoka kwetu. Shanga nyingi zinazouzwa leo kwa jina la shanga za biashara ya Afrika zilifanywa Ulaya, zikaletwa Afrika kwa meli, zikavaliwa na mama zetu miaka mingi, kisha zikanunuliwa tena na kurudishwa ng'ambo. Zimevuka bahari mara mbili. Tunataka leo kuzipima shanga hizo, na kuupima ukusanyaji wenyewe. Je, mkusanyaji anahifadhi nini, na anapoteza nini? Swali hili latuhusu sisi watu wa Idjwi na wa kando zote za Ziwa Kivu, maana kamba ya shanga iliyomo kikapuni mwa nyanya yaweza kwenda Bukavu wiki hii, na kutoka Bukavu isionekane tena.

Kwanza tuujue ufundi. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kioo ni mchanga uliopikwa kwa moto mkali pamoja na magadi na chokaa. Rangi yake haipakwi juu, bali imo ndani. Kobalti huleta buluu nzito, shaba huleta kijani, manganizi huleta zambarau, na dhahabu kidogo sana huleta wekundu wa damu. Mji wa Venezia uliamuru mwaka 1291 tanuru zake zote za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano, na tangu hapo kisiwa hicho kikawa na sifa duniani.

Ziko njia mbili kubwa za kufanya ushanga. Katika njia ya kwanza fundi huchota donge la kioo kilichoyeyuka na kuliacha tundu katikati. Mwenzake hushika upande wa pili kwa chuma, kisha wawili hao huenda mbio, kila mtu upande wake. Donge huvutika likawa mrija mrefu mwembamba, na tundu lake huvutika pamoja nalo. Mrija ukipoa hukatwa vipande vidogo, navyo hurudishwa motoni ili ncha zake kali zilainike. Katika njia ya pili fundi huketi mbele ya taa ya moto na kuzungusha kioo laini juu ya kijiti cha chuma, ushanga mmoja mmoja, akitia madoa na maua kwa nyuzi za kioo cha rangi nyingine. Kwa hiyo ukishika ushanga wa zamani, tazama ndani yake. Utaona mapovu ya hewa, tundu lisilonyoka sawasawa, na upande mmoja mnene kuliko mwingine. Hayo yote ni alama za mkono wa mtu. Shanga zilizotolewa na kalibu ya mashini zafanana zote kama mahindi ya gunzi moja.

Sasa tuzipime. Wakusanyaji huupa ushanga uitwao rosetta nafasi ya kwanza. Ulianza kufanywa Murano zamani, kadiri ya mwaka 1500. Una tabaka za buluu, nyeupe na nyekundu, na ncha zake zikisuguliwa huonekana nyota. Kazi hiyo yastahili sifa, maana fundi alipaswa kuiwaza nyota kabla ya kuiona. Hata hivyo twaona kwamba ushanga huu hujionyesha mno. Mmoja peke yake hupendeza. Ukitunga arobaini pamoja, kila mmoja hushindana na jirani yake, na jicho huchoka.

Sisi twaupenda zaidi ule mdogo mwekundu ulioitwa sami-sami. Nje ni mwekundu kama marijani, na ndani una moyo mweupe. Moyo huo haukuwekwa bure: huirudisha nuru nje, na wekundu mwembamba ukaonekana kama una moto ndani. Hapa fundi ametumia kidogo akapata kingi. Tena shanga hizi zikiwa nyingi hazigombani, kwa sababu zilifanywa ziwe nyingi.

Wa tatu ni sofi. Ulikuwa kipande kifupi cha mrija, kama shina la kiko lililovunjika. Hauna ua wala nyota, na wakusanyaji wengi huupita bila kugeuka. Lakini pale Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, katika miaka ya 1870 huo ndio uliokuwa fedha ya sokoni. Mtu alifika na sofi zake akanunua samaki, mafuta ya mawese na unga. Basi bei ya mkusanyaji ni jambo moja, na heshima ya kitu mahali pake ni jambo jingine. Asiyejua Ujiji atautupa sofi na kuuweka rosetta katika sanduku la kioo.

Hapa inafaa tusahihishe neno linalorudiwa mara nyingi, ya kwamba babu zetu walidanganywa kwa vitu vya kung'aa kama watoto. Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton aliandika kwamba ziko aina za shanga zipatazo mia nne, na nyingi zina majina zaidi ya moja. Sami-sami wenyewe uliitwa pia kwa majina yenye maana ya kimaliza chakula, maana mtu aliweza kutoa mlo wake ili aupate, na kivunja mji, maana wake waliwafilisi waume zao kwa ajili yake. Stanley naye, alipojitayarisha Zanzibari mwaka 1871, alinunua magunia 22 ya shanga za aina 11. Hakufanya hivyo kwa anasa. Alikuwa ameambiwa ya kwamba shanga nyeusi zapokelewa Ugogo, lakini penginepo hazina thamani, na kwamba zile kubwa kama mayai zatakiwa Ujiji na Uguha, lakini kwingine zitakataliwa. Msafara uliokosea rangi ulilala njaa.

Watu gani hao waliokataa rangi hii na kuichagua ile, na kubadili shauri lao mwaka wa pili, hata wafanyabiashara wa Venezia wakalazimika kuwafuata? Sisi twasema: hao ndio waliokuwa wachambuzi wa kwanza wa kioo hicho. Murano ilitengeneza, na mama wa Ugogo akahukumu. Lakini katika vitabu vya wakusanyaji twasoma jina la kiwanda na mwaka, wala hatusomi jina alilolitoa yule aliyehukumu. Katika jumba la makumbusho la Uingereza, British Museum, zimehifadhiwa kadi za shanga za Levin, mfanyabiashara wa London wa miaka ya 1850 na 1860. Shanga zimepangwa kwa safu, safi kama siku zilipotoka dukani. Ni hazina kubwa kwa wenye elimu. Hata hivyo hizo ni shanga ambazo hazijavaliwa na mtu, na karibu kila mkusanyaji huipanga hazina yake kwa mfano huo, hata ikiwa zake zilivaliwa miaka mia.

Tena kuna jambo zito zaidi. Shanga hizo hazikununua samaki na unga tu. Zilinunua pembe za ndovu, na katika njia nyingi za misafara zilihesabiwa pamoja na nguo na baruti katika bei ya binadamu. Kardinali Lavigerie alipozunguka miji ya Ulaya mwaka 1888 akiulaani utumwa, alikuwa akisema juu ya njia hizo hizo. Ushanga haukutenda dhambi, na uzuri wake haupungui. Lakini sanduku linaloonyesha uzuri na kunyamaza juu ya bei yake limesema nusu ya habari, na nusu ya habari kwa jambo kama hili ni aibu.

Turudi nyumbani. Katika karne ya 19 biashara ya Ziwa Kivu ilikuwa na fedha yake, nayo haikuwa kioo. Ilikuwa butega, yaani bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea. Zilisukwa na watu wa magharibi ya ziwa, hasa Batembo, zikafika kwa Bahavu, zikavuka maji kwa mitumbwi hata Rwanda, ambako wanawake walizivaa miguuni kwa wingi. Idjwi ilikuwa katikati ya njia hiyo. Mwanahistoria David Newbury, aliyekaa kisiwani petu katika miaka ya 1970 akiwasikiliza wazee, ameyaandika mambo hayo, naye ametusaidia sana.

Sasa linganisheni. Butega ilipita mikononi mwa watu wetu, ilinunua mbuzi, ilipamba miguu, lakini ni nyuzi, na nyuzi huoza. Kioo hakiozi. Mkusanyaji ajaye leo hukuta shanga, naye hudhani kwamba shanga ndizo zilizopendwa kuliko vyote. Amekusanya kile kilichobaki, akakiita kile kilichothaminiwa. Hili ndilo kosa kubwa tunaloliona katika makusanyo ya kioo yahusuyo Afrika. Kosa hili halirekebishwi kwa kununua shanga zaidi. Hurekebishwa kwa kuuliza wazee, na wazee hawakai milele.

Je, tuwaambie watu waache kukusanya? La. Tungewaonyesha njia iliyo bora. Karibu na Nairobi, huko Kitengela, mama mmoja aitwaye Nani Croze alianzisha karakana ya vioo vya rangi, na mwanawe Anselm akaongeza tanuru ya kupuliza kioo kwa pumzi. Wao huyeyusha vioo vilivyotupwa. Arusha nako iko karakana iitwayo Shanga, iliyoanza mwaka 2007, ambamo watu wenye ulemavu hufanya shanga na bilauri kwa chupa kuukuu. Huko Ghana, Wakrobo husaga chupa zikawa unga, hutia unga huo katika kalibu za udongo, na kuuchoma hata ukawa ushanga.

Tukizipima kazi hizo mpya kwa haki, si zote zilizo nzuri. Kioo cha chupa ni kizito, rangi zake zafuata kijani cha chupa ya bia na kahawia, na bilauri nyingine ni nene hata mdomo haupati raha. Lakini zile zilizo njema zaikubali chupa kama ilivyo. Hazijifanyi za Murano. Ushanga wa Krobo una uso mkavu usiong'aa sana, nao ndio uzuri wake, maana rangi imetulia ndani yake. Mwenye kununua kazi kama hizo anaweza kumwuliza fundi jina lake, na fedha yake inatia kuni katika tanuru iliyo hai. Hatudhani kwamba tanuru ya kioo itajengwa Idjwi kesho. Lakini mkusanyaji wa kweli asiyejali mafundi walio hai anakusanya makaburi.

Na sisi tulio na kamba za zamani nyumbani, tufanye nini? Tusiikate kamba. Mpango wa shanga juu ya uzi, nyekundu ngapi, nyeupe ngapi, ni kazi ya mtu aliyefikiri, na mchuuzi akizimwaga katika kopo ili azipange upya kwa rangi, kazi hiyo imekufa. Tusizisugue kwa dawa kali ili zing'ae. Tuketi na mwenye kamba, tumwulize kwa Kihavu: aina hii mliiitaje? Nani alikupa? Ulivaa siku gani? Ulibadilishana na nini? Majibu tuyaandike katika daftari ya shule, pamoja na mwaka na jina la kijiji, nalo jina la mzee liandikwe kwa ruhusa yake tu.

Shida ya karo au ya dawa ikimlazimisha mtu kuuza, hatutamhukumu; kamba ni mali yake. Ila aandike kwanza, na nakala moja ampe mnunuzi. Mnunuzi mwema ataifurahia, na akiikataa karatasi tumejua ni mtu wa namna gani. Wenye nafasi waulize pia katika jumba la makumbusho la Mapadre Waksaveri mjini Bukavu, kabla ya kukiacha kitu kivuke mpaka.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mithali hii yawafaa wenye maduka, nayo yawafaa wenye shanga vilevile. Ushanga mwekundu wenye moyo mweupe utang'aa Bukavu, utang'aa London, utang'aa popote ulipo mwanga. Jina lake la Kihavu laweza kupatikana kwa wazee wetu peke yao, nasi tunawaomba vijana wa kila kijiji waanze kuuliza mwezi huu.