Mafunzo ya Ualimu kwa Wahadhiri wa Vyuo Vikuu: Uhakiki

Mtu hawezi kuajiriwa kufundisha darasa la kwanza katika shule ya serikali pasipo kupita chuo cha ualimu. Lakini aweza kuingia katika ukumbi wa chuo kikuu, mbele ya wanafunzi mia tatu, akiwa na hati moja tu mkononi, nayo ni shahada inayoshuhudia kuwa aliwahi kufanya utafiti. Desturi hii haikuzaliwa kwetu. Ilikuja pamoja na vyuo vyenyewe. Makerere ilipoingia katika uhusiano na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na Dar es Salaam ilipofuata njia hiyo hiyo mwaka 1961, vyuo hivyo vilipokea mitihani ya London, na pamoja na mitihani vilipokea imani ya kwamba ajuaye jambo ajua pia kulifundisha.

Wenye imani hiyo wenyewe walianza kuitilia shaka zamani. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kiliunda mwaka 1962 kituo cha kutafiti kujifunza na kufundisha. Uingereza ilichelewa zaidi: kamati iliyoongozwa na Ron Dearing ilitaka mwaka 1997 kwamba wahadhiri wapya wafunzwe kufundisha, na mwaka 2006 ukatolewa mwongozo wa taifa zima juu ya viwango vya kazi hiyo, ambao umerekebishwa mwaka 2011 na tena mwaka 2023. Kwetu mkazo umebaki zaidi upande wa shahada. Vigezo vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya mwaka 2014 vilitaka mhadhiri awe na udaktari. Na udaktari, kama ajuavyo kila aliyeupata, ni kazi ya miaka mingi ambayo katika hiyo mtu aweza asisimame mbele ya darasa hata siku moja.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema kuwa hakuna kinachofanyika. Warsha zipo. Mhadhiri mpya huitwa kwa siku mbili au tatu, hupewa jalada na kalamu, husikiliza, na hurudi idarani kwake na cheti. Sina ugomvi na nia ya warsha hizi. Ugomvi wangu ni na umbo lake, na zaidi na lugha yake.

Nianze na umbo, kwa kuwa hapo hapana mengi ya kubishania. Graham Gibbs na Martin Coffey walichapisha mwaka 2004 utafiti uliohusisha vyuo vikuu 22 katika nchi 8. Walilinganisha wahadhiri waliofunzwa na wenzao wasiofunzwa. Waliofunzwa walizidi kuutazama ufundishaji kwa upande wa mwanafunzi, na wanafunzi wao nao walibadilika. Wasiofunzwa ama walibaki walipokuwa ama walirudi nyuma. Habari hii ya kurudi nyuma yafaa kutiwa maanani, maana huvunja ule msemo wa kwamba mhadhiri atajifunza tu kwa kufundisha. Lakini mafunzo waliyoyapima yalikwenda kwa miezi, si kwa siku mbili. Anayeutaja utafiti huo ili kutetea warsha ya Jumatatu na Jumanne anatumia ushahidi usiokuwa wake.

Sasa lugha. Neno linalotawala warsha hizi ni "kujengewa uwezo". Mwanaisimu hawezi kulipita neno hili bila kusimama. Kitenzi ni jenga; kimetiwa kiambishi cha kutendea, kisha kikatiwa kiambishi cha kutendwa. Matokeo yake ni kwamba anayefanywa kiima cha sentensi ni yule anayenufaika, naye hafanyi kitendo chochote. "Wahadhiri wamejengewa uwezo": nani amejenga? Sarufi hairuhusu tu swali hilo lisijibiwe, bali huliruhusu lisiulizwe. Mtu hujengewa nyumba, akakabidhiwa ufunguo. Je, uwezo wa kufundisha hukabidhiwa hivyo? Twasema mtu amejifunza, amezoea, amebobea. Vitenzi hivi vyote humtaka mwenyewe atende.

Jambo la pili la lugha ni zito zaidi. Karibu kila warsha huwa na zoezi la kuandika matokeo ya kujifunza kwa kufuata ngazi za Benjamin Bloom, zilizochapishwa mwaka 1956. Ngazi hizo hupanda kutoka kukumbuka hadi kutathmini, na kila ngazi hupewa vitenzi vyake, ambavyo mhadhiri huchagua kama achaguavyo vitunguu sokoni. Mhadhiri wa Kiswahili huletewa orodha hiyo kwa Kiingereza, akaitafsiri mwenyewe. Hapo hukutana na kizuizi cha kwanza: kufahamu, katika matumizi yetu, hubeba kujua na kuelewa pamoja, hivi kwamba ngazi mbili za chini hushikana. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kitenzi kuchanganua, kinachokaa ngazi ya juu, katika somo la sintaksia ni jina la zoezi maalumu: kuchukua sentensi na kuonyesha viunzi vyake kwa matawi au kwa jedwali. Mwanafunzi aliyekariri sentensi kumi za mfano huweza kulifanya zoezi hilo pasipo kufikiri hata kidogo. Basi kwenye karatasi tumeandika tendo la akili ya juu, na darasani tumepata tendo la kumbukumbu. Mkaguzi akija ataona kitenzi, aridhike.

Kwa hiyo nauliza: warsha ya watu wote, ya daktari wa mifugo, mwanasheria na mwanaisimu katika chumba kimoja, yaweza kumfundisha nini mwalimu wa mofolojia? Lee Shulman alitoa hoja mwaka 1986 kwamba baina ya elimu ya somo na elimu ya kufundisha kwa jumla ipo elimu ya tatu: kujua jinsi somo hili hasa linavyoeleweka na linavyokosewa na wanaojifunza. Elimu hiyo haimo katika shahada ya udaktari, wala haimo katika jalada la warsha. Nitoe mfano mmoja, na nikae nao kidogo.

Mwanafunzi atokaye sekondari, Kenya au Tanzania, amefundishwa ngeli kwa upatanisho: A-WA, KI-VI, LI-YA na nyinginezo. Afikapo chuo kikuu hukuta mapokeo ya Bleek na Meinhof, ambamo ngeli zina nambari na kiambishi cha nomino ndicho kinachotazamwa kwanza. Mhadhiri humwandikia neno kipofu na kumwuliza ngeli yake. Mwanafunzi hujibu A-WA, kwa kuwa husema "kipofu amefika", "vipofu wanne wamefika". Mhadhiri asiyejua alikotoka mwanafunzi huandika alama ya kosa na kusonga mbele. Mwanafunzi naye hushika fundisho moja tu: kwamba chuo kikuu kina majibu mengine, na yafaa kuyakariri hayo.

Mhadhiri ajuaye huona kuwa jibu lile ndilo mlango wa somo. Atamletea neno kiboko. "Kiboko amezama" na "kiboko kimekatika": neno moja kwa umbo, la kwanza mnyama, la pili fimbo. Atamletea mbuzi wa malishoni na mbuzi ya kukunia nazi. Kisha, mwanafunzi akishaamini kuwa upatanisho umeshinda umbo, atamwekea mbele sentensi hii: "Rafiki zangu wamekuja." Hapo kimilikishi chafuata ngeli moja na kitenzi chafuata nyingine, katika sentensi ambayo mwanafunzi huisema kila siku bila kusita. Upatanisho upi sasa ndio ngeli? Swali hilo halina jibu la mkato hata kwa wataalamu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweza kulifikia kwa dakika arobaini, kwa kutumia maneno aliyokuja nayo kutoka kwao. Hakuna chombo cha kuonyeshea picha ukutani kinachohitajika.

Mifano ya namna hii ni mingi. Mwanafunzi hugawa silabi za mbuzi kwa kuhesabu herufi, na pengine hutoa m ya mwanzo kuwa silabi peke yake, kwa kuwa aliambiwa hivyo juu ya mtu na mbwa. Mhadhiri mwenye uzoefu hulijua kosa hilo kabla halijatokea, na humtaka asikilize mkazo unapoangukia. Uzoefu huo lakini huenda kaburini naye, au hustaafu naye, kwa kuwa hatuna mahali tunapouandika.

Wapo watakaojibu kwamba zipo njia zinazofaa masomo yote, nao wana haki. Scott Freeman na wenzake walikusanya mwaka 2014 tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi, wakaona kuwa wanafunzi waliofundishwa kwa mhadhara mtupu walielekea kushindwa mtihani mara moja na nusu kuliko wale walioshirikishwa darasani. Sikatai. Nasema tu kuwa kushirikisha ni lazima kuwe katika jambo fulani. Kuwagawa wanafunzi wawili wawili na kuwaambia wajadili "umuhimu wa mofolojia" ni kupoteza wakati kwa njia ya kisasa.

Limebaki suala la cheo, ambalo wengi hulitaja kwa kunong'ona. Ernest Boyer alipendekeza mwaka 1990 kwamba kufundisha kuhesabiwe kuwa ni kazi ya kitaaluma sawa na utafiti. Pendekezo husifiwa kila mahali, na mhadhiri apandaye daraja hupanda kwa makala. Upande wa ufundishaji aghalabu hupimwa kwa fomu wajazazo wanafunzi mwisho wa muhula; nazo fomu hizo, kwa uchambuzi wa Bob Uttl na wenzake wa mwaka 2017, hazionyeshi uhusiano wa maana na kiasi walichojifunza wanafunzi. Kwa hiyo mhadhiri anayetumia jioni tatu kutafuta sentensi kama ile ya rafiki zangu hufanya hivyo kwa hasara yake, na mwenzake wa mlango wa pili, anayesoma maelezo yale yale ya miaka kumi, ana wakati wa kuandika makala ya nne.

Idara za Kiswahili zaweza kuanza pasipo kungoja fedha za warsha. Majibu ya mitihani yamo makabatini, maelfu ya kurasa, na baada ya muda huteketezwa. Humo mna makosa ya wanafunzi wetu kwa mwandiko wao wenyewe: ngeli, silabi, mzizi na kiini, kirai na kishazi. Wahadhiri wanne wakikutana mara moja kila wiki mbili, kwa muhula mmoja, wakasoma majibu ya swali moja tu bila kuangalia alama, wakaandika ni nini hasa mwanafunzi alidhani, watakuwa na kurasa chache ambazo hazijapata kuandikwa kwa lugha yoyote. Kurasa hizo zikipitiwa na wataalamu na kuchapishwa katika majarida kama hili, zihesabiwe katika kupandisha cheo sawasawa na makala nyingine. Swali la ngeli lafaa kuwa la kwanza, kwa kuwa huulizwa karibu kila mwaka na karatasi zake hazitakosekana.