Geji ya Joto Haina Kazi Hewa Ikibaki Ndani

Geji ya joto haisomi joto la injini. Inasoma joto la chochote kinachogusa ncha ya sensa yake, yawe maji, mvuke au hewa tupu. Dereva anaweza kufungiwa geji mpya, akaiona imetulia kwenye nyuzi 70, kumbe maji yamekwisha na silinda hedi inapinda. Kwa sababu hiyo nilipenda mpangilio wa kazi moja iliyofanywa kwenye gereji ya jua kali hapa Suna, mjini Migori. Kutoa hewa na kufunga geji vilifanywa kama kazi moja, na fundi hakuunganisha waya hata mmoja wa kudumu kabla hewa haijaisha.

Gari lenyewe ni Toyota dogo lenye injini ya 1NZ-FE, ileile iliyomo kwenye Probox na Fielder nyingi zinazobeba watu na mizigo kati ya Migori, Rongo na Homa Bay. Lilibadilishwa pampu ya maji, likajazwa haraka haraka, na tangu hapo likawa linachemsha kila likipanda kuelekea Kisii. Dashibodi yake haina mshale wa joto. Ina taa mbili tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu joto likishafika pabaya. Taa nyekundu huchelewa mno kumsaidia dereva aliye mlimani na abiria.

Mwinuko wa huku kwetu una uzito katika jambo hili. Mji wa Migori uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kisii karibu 1,700. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 Mombasa, hapa Suna huchemka kwa takriban 95, na Kisii mapema kidogo zaidi. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Nafasi iliyobaki ni ndogo, na kinachoipanua ni kifuniko cha rediata. Kikishika shinikizo vizuri, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, unabaki na zile 95 za sufuria. Kifuniko cha gari hili kilikuwa na mpira uliokauka na kupasuka ukingoni, nacho ndicho kilichobadilishwa kwanza. Wengi wangekimbilia kung'oa themostati. Hilo silikubali hata kidogo: injini huchelewa kupata joto lake na hula mafuta zaidi, huku ugonjwa wenyewe ukibaki palepale.

Kabla ya kufunga sensa, fundi aliiunganisha na geji kwa muda na kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Mshale ukasimama 95. Mwenye gari akadhani ameuziwa geji mbovu, lakini hiyo ndiyo namba sahihi kwa Suna. Geji ambayo ingeonyesha 100 kwenye sufuria ile ndiyo ya kurudisha dukani.

Mpira wa juu wa rediata ulikatwa mfumo ukiwa bado mkavu, ikaingizwa adapta ya alumini yenye tundu la sensa na kubanwa kwa klampu pande zote mbili. Kuukata baada ya kujaza maji ni kuikaribisha upya hewa uliyokwisha kuitoa.

Ndipo gari likaegeshwa pua ikiwa juu ya mteremko, ili mdomo wa rediata uwe mahali pa juu kuliko pengine pote. Hita iliwekwa kwenye joto la mwisho, maana hewa hupenda kujificha kwenye mabomba yake, na huku kwetu kuna madereva ambao hawajawahi kuigusa hita. Kulanti na maji safi, nusu kwa nusu, vilimiminwa polepole huku mpira wa juu ukiminywa kwa mkono. Kila ulipominywa, mapovu yalitoka na maji yakashuka. Injini ikawashwa kifuniko kikiwa wazi. Themostati ilipofunguka, maji yalizama ghafla, yakaongezwa, na mpira ukawa moto wote. Hapa kuna mtego. Joto linalowasha feni liko karibu sana na 95, kwa hiyo aliyejaza maji matupu anaweza kuona yanachemka mdomoni akadhani bado ni hewa. Kulanti huyapa nyuzi kama 8 za ziada na kuondoa utata huo. Mapovu yakiendelea kutoka bila kukoma, shaka iende kwenye gasketi ya hedi.

Waya zilifuata. Adapta imekaa katikati ya mpira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo ilifungiwa waya wake wa hasi hadi kwenye chuma cha injini. Sensa ya aina hii hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda. Waya wa hasi ukishika vibaya huongeza ukinzani, na geji husoma chini ya ukweli, kosa la upande ulio hatari zaidi. Umeme wa geji ulichukuliwa kwenye waya unaopata moto ufunguo ukizungushwa, ukipitia fyuzi.

Themostati ya 1NZ-FE iko upande wa maji yanayoingia kwenye injini, kwa hiyo sensa iliyo mpira wa juu husoma baridi kwa muda, kisha huruka. Hiyo si hitilafu. Cha kuogopa ni namba kushuka ghafla gari likiwa linapanda mlima na limejaa: hapo huenda maji yamekimbia na sensa inaning'inia hewani.

Ukiona 105, zima AC na upunguze mwendo. Ikifika 110, au namba ikianguka bila sababu, simama uzime injini, na usiguse kifuniko mpaka rediata ipoe. Asubuhi baada ya kazi kama hii, kabla ya kuwasha gari, fungua kifuniko uangalie maji, kwa sababu hewa iliyobaki hutoka mfumo ukipoa na kiwango hushuka. Fundi akikukabidhi gari lingali moto na kukuambia limepona, mwambie utarudi kesho.